Pumzi au Moyo: Kufuata Nyayo za Gesi Tumboni

Mwanamke aliyetolewa uvimbe kwenye ovari kwa upasuaji wa matundu madogo, yaani laparaskopi, anazinduka wodini. Tumbo linamuuma kidogo, na hilo alishaambiwa. Kinachomshangaza ni bega la kulia. "Sista, mbona bega? Kwani mliniangusha?" Hakuna aliyemwangusha. Kabla daktari hajaanza kuukata uvimbe, tumbo lake lilijazwa hewa ukaa mpaka likainuka, na gesi hiyo ikakisukuma na kukikera kiwambo, ule msuli mpana unaotenga tumbo na kifua. Mshipa wa fahamu wa kiwambo unaanzia shingoni, pamoja na ile inayohudumia bega. Ubongo ukipata malalamiko kutoka kwenye kiwambo, huyasikia begani.

Maumivu hayo huisha baada ya siku mbili tatu na wengi huyasahau. Lakini yanatuonyesha jambo: gesi iliyoingizwa kitovuni haikubaki huko. Ilifika kwenye pumzi, ikafika na kwenye moyo. Historia ya upasuaji huu huandikwa kana kwamba ni historia ya macho, yaani lenzi, taa, kamera na skrini. Ipo njia nyingine isiyopitiwa sana, nayo inapita upande wa kichwa cha kitanda, anakokaa mtu wa usingizi, yule anayempa mgonjwa dawa ya kulala. Huko swali moja limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia: tumbo likijazwa gesi, kipi kinashindwa kwanza, pumzi au moyo?

Swali lenyewe ni kongwe kuliko chombo. Mwaka 1890 mtafiti aitwaye Heinricius alipandisha shinikizo ndani ya matumbo ya wanyama wa maabara, akaona kwamba likifika kati ya sentimita 27 na 46 za maji, wanyama wanakufa. Hukumu yake ilikuwa pumzi. Kiwambo kimebanwa juu, mapafu hayana pa kutanukia, mnyama anakosa hewa.

Miaka kumi na moja baadaye, Septemba 1901, daktari Georg Kelling wa Dresden alisimama mbele ya mkutano wa wanasayansi na madaktari wa Ujerumani mjini Hamburg. Mbele yake alikuwepo mbwa. Alimjaza tumboni hewa iliyochujwa, akapenyeza kifaa cha kutazamia kibofu, akachungulia matumbo bila kupasua tumbo. Hiyo ndiyo tarehe inayotajwa na kila kitabu. Kisichotajwa sana ni kwamba Kelling hakuipenda gesi kwa sababu ya kuona tu. Alikuwa akitafuta namna ya kuzuia damu inayovuja ndani ya tumbo bila kumpasua mgonjwa, na wazo lake lilikuwa kuibana kwa shinikizo la hewa, zaidi ya milimita 50 za zebaki. Yaani gesi ilikuja mwanzoni kwa nia ya kuziba mzunguko wa damu. Waliomfuata walilazimika kutafuta namna ya kuitumia gesi ileile bila kuuziba. Kelling mwenyewe alifariki mjini mwake Dresden, katika mabomu ya Februari 1945.

Mwaka huohuo wa 1901, Dimitri Ott wa St. Petersburg, daktari wa wanawake, alikuwa tayari anatazama nyonga kupitia mkato mdogo ukeni, akimulika kwa kioo cha kichwani. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm akalifikisha jambo hili kwa binadamu. Wengi wa wagonjwa wake wa kwanza walikuwa na maji tumboni. Aliyatoa maji, akaingiza hewa. Nadhani hapo bahati ilimsaidia kuliko mwenyewe alivyojua, kwa kuwa tumbo lililokwisha kulegezwa na maji linapokea hewa bila shinikizo kupanda sana.

Jibu la pili la swali letu lilitoka New York mwaka 1911. Haven Emerson, ambaye baadaye alikuwa kamishna wa afya wa jiji hilo, alichapisha utafiti mrefu kuhusu shinikizo la ndani ya tumbo. Majaribio yake yalimpinga Heinricius. Alionyesha kwamba shinikizo likizidi, moyo unaweza kushindwa hata kabla mnyama hajakosa hewa. Damu inayopaswa kurudi kutoka miguuni na tumboni inazuiwa njiani. Vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaoirudisha, una kuta laini. Ukibanwa unalala bapa kama mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa. Moyo unaendelea kupiga, lakini hauna cha kusukuma.

Basi hukumu zikawa mbili. Mmoja anasema pumzi, mwingine anasema moyo, na madaktari wa darubini wakaendelea na kazi zao pasipo kumsikiliza yeyote kati yao.

Hapa njia inaingiliana na nyingine iliyoanzia kwenye fistula. Friedrich Trendelenburg, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alikuwa akiwatibu wanawake wanaovuja mkojo baada ya uzazi uliokwama. Ili aone vizuri ndani ya nyonga, alimlaza mgonjwa kichwa chini, makalio juu, matumbo yakateremka kuelekea kifuani na kuacha nafasi. Mwanafunzi wake Willy Meyer aliueleza mkao huo mwaka 1885, na Trendelenburg mwenyewe akauandika mwaka 1890. Fistula imekwisha karibu kabisa huko Ujerumani. Kwetu bado ipo, na CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa hospitali zinazojulikana kwa kuitibu. Mkao ule umebaki na jina la mwenyewe dunia nzima.

Kwa mtu wa usingizi, mkao huo unatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Damu ya miguuni inateremka kuelekea moyoni, na kufidia sehemu ya ile iliyozuiwa na gesi. Lakini uzito wa matumbo unakilalia kiwambo ambacho gesi imeshakisukuma. Mapafu yanakuwa magumu kutanuka, na sehemu zake za chini zinajikunja. Mwanamke mnene huathirika zaidi. Hata mpira wa kupumulia uliowekwa sawasawa kooni unaweza kujikuta umezama kwenye pafu moja, si kwa sababu umesogea, bali kwa sababu mapafu yenyewe yamepandishwa juu kuufuata.

Ilibaki kuchagua gesi. Hewa ya kawaida ina naitrojeni nyingi, nayo haiyeyuki upesi kwenye damu. Povu lake likiingia mshipani linaweza kufika moyoni na kuuzuia. Oksijeni ilijaribiwa na Mjerumani Carl Fervers, akaripoti mwaka 1933 kwamba alipochoma utando wa tumboni kwa umeme, ulisikika mlipuko na miali ikaonekana kupitia ngozi ya tumbo. Mgonjwa alipona, Fervers akashauri hewa ukaa. Mswisi Richard Zollikofer alikuwa ameshaipendekeza tangu mwaka 1924. Haiwaki, na inayeyuka kwenye damu upesi sana, hivyo povu lake mara nyingi hupotea kabla ya kuleta maafa makubwa.

Kuyeyuka huko ndiko kulikoleta tatizo jipya. Gesi iliyoyeyuka haijatoweka. Inabebwa na damu mpaka mapafuni, na mapafu ndiyo yanayopaswa kuitoa, juu ya ile ambayo mwili unajitengenezea wenyewe. Mtu aliye macho angehema kwa nguvu zaidi na kuimaliza. Aliyelazwa usingizi hahemi kwa nguvu zaidi. Dawa imeuzubaisha ubongo, kiwambo kimebanwa, kichwa kiko chini. Hewa ukaa inapanda kwenye damu, damu inakuwa na asidi, na moyo unaanza kupiga ovyo.

Mtu wa kwanza kuuwekea uingizaji wa gesi kanuni alikuwa Raoul Palmer, daktari wa wanawake katika hospitali ya Broca, Paris. Alianza kuchungulia nyonga za wanawake wasiopata mimba miaka ya 1943 na 1944, mji ukiwa mikononi mwa jeshi la Hitler, mkewe Elisabeth akiwa msaidizi wake. Alitumia mkao wa Trendelenburg, na kwa bidii kubwa alisisitiza jambo ambalo wengine walilipuuza: pima shinikizo. Lisizidi milimita 25 za zebaki, na gesi iingie polepole, mililita 300 hadi 500 kwa dakika. Ukigeuza milimita 25 kuwa sentimita za maji unapata 34, tarakimu inayoangukia ndani kabisa ya eneo la mauti la Heinricius. Binadamu si mnyama wa maabara, ni kweli, lakini inaonyesha jinsi hata mwangalifu kuliko wote alivyokuwa akitembea ukingoni.

Kurt Semm alikabidhi kanuni ya Palmer kwa mashine. Semm alikuwa daktari wa wanawake, Mjerumani, aliyejifunza ufundi wa vifaa kabla ya udaktari, na katika miaka ya 1960 alitengeneza pampu inayoingiza hewa ukaa, kupima shinikizo na kujizuia yenyewe. Anakumbukwa zaidi kwa kutoa kidole tumbo kwa matundu mjini Kiel mwaka 1980, jambo lililowaudhi wapasuaji wenzake hadi wengine kutaka anyang'anywe leseni. Kwa maoni yangu pampu ile imeokoa watu wengi kuliko upasuaji uliompa sifa. Pampu za leo ni vizazi vyake, na kwa kawaida huwekwa milimita 12 hadi 15 za zebaki, chini ya tarakimu ndogo kabisa ya Heinricius.

Uingereza iliipokea kazi hii kupitia Patrick Steptoe wa Oldham, aliyekwenda kujifunza kwa Palmer, akatoa kitabu chake mwaka 1967. Dunia inamjua kwa Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya mwili, aliyezaliwa Julai 25, 1978. Yai lake lilivunwa kwa njia hiyohiyo ya kujaza gesi na kuchungulia.

Kitabu cha Steptoe kilipoenea, wanawake wengi walianza kupimwa na kufungwa mirija kwa njia hii, nao watu wa usingizi wakaanza kuuliza maswali yao. Waskoti ndio waliojibu vizuri zaidi. Huko Aberdeen, kati ya mwaka 1971 na 1972, Kelman, Swapp, Smith na wenzao walipima moyo wa wanawake waliokuwa mezani kadiri gesi ilivyoongezwa. Walikuta kitu ambacho Heinricius na Emerson hawakukitenganisha. Shinikizo likiwa la wastani, damu iliyolala kwenye ini, wengu na matumbo inakamuliwa kuelekea moyoni, na moyo unasukuma zaidi, si pungufu. Likipandishwa hadi karibu sentimita 40 za maji, mlango unafungwa na damu inayotoka moyoni inapungua. Swali halikuwa pumzi au moyo tu, lilikuwa pia kiasi gani.

Mjini Edinburgh, mji ambako daktari wa wanawake James Young Simpson alianzisha klorofomu mwaka 1847, Bruce Scott na Desmond Julian walitazama mapigo ya moyo. Wanawake wao walipumua wenyewe, wamelazwa kwa halotheni. Mwaka 1972 waliripoti kwamba mapigo ovyo yalitokea zaidi kwa waliojazwa hewa ukaa kuliko waliojazwa naitrasi oksaidi. Halotheni huufanya moyo uwe mwepesi kushtuka kwa adrenalini, na hewa ukaa ikizidi mwilini huita adrenalini. Vikikutana viwili hivyo kwa mtu asiyesaidiwa kupumua, moyo unaparaganyika. Jambo hili si la makumbusho kwetu. Halotheni imetumika katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki miaka mingi baada ya nchi tajiri kuiacha, kwa sababu ni rahisi na mashine zake hazisumbui.

Kisha ikaja hesabu chungu, kutoka Marekani. Kufunga mirija kwa matundu kulikuwa kumeenea huko miaka ya 1970: mwanamke kijana, mzima, anaingia asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Peterson na wenzake wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walikusanya vifo vilivyotokana na kufunga mirija kati ya mwaka 1977 na 1981, wakavichapisha mwaka 1983. Vilikuwa 29. Kumi na moja vilitokana na usingizi, na angalau sita kati ya hivyo vilitokea kwa sababu mgonjwa hakupumua vya kutosha. Hakuna hata mmoja kati ya hao sita aliyekuwa amewekewa mpira wa kupumulia kooni.

Inafaa kusimama hapo kidogo. Wale sita hawakwenda kutibiwa ugonjwa. Walikwenda hospitali kwa hiari, wamezaa idadi waliyoitaka au hawakutaka kuzaa, na wangeweza kuahirisha hadi mwezi ujao bila madhara yoyote. Mafundi walikuwa wameshadhibiti shinikizo, kwa hiyo hofu ya Emerson ilikuwa imepungua sana. Hofu ya Heinricius ilibaki palepale, kwa sababu upasuaji uliitwa mdogo na mtu wa usingizi akaona barakoa usoni inatosha. Ukubwa wa upasuaji ulipimwa kwa urefu wa kidonda.

Nchi maskini zilichukua njia nyingine, na si mbaya. Jhpiego, shirika ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa kazi za uzazi na VVU, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins likiwafunza madaktari wa nchi hizi uzazi wa mpango, na laparaskopi ya kufunga mirija ilikuwa miongoni mwa masomo yake ya awali. Kwa kazi fupi kama hiyo, ganzi ya kitovuni na dawa kidogo ya kutuliza vilitosha. Mwanamke alibaki akiongea na kujipumulia, na gesi iliingizwa kidogo. Anayeongea anakuambia mwenyewe kwamba pumzi inambana.

Lakini upasuaji haukubaki mfupi. Januari 1988, huko Kingston, Pennsylvania, Harry Reich alitoa kizazi kizima kwa laparaskopi. Kazi ya dakika kumi na tano ikawa ya saa mbili, saa tatu. Ganzi haiwezi tena kutosha. Mwili una uwezo mkubwa wa kuficha hewa ukaa kwenye misuli na mifupa, na katika upasuaji mrefu akiba hiyo hujaa. Gesi iliyohifadhiwa huendelea kutoka hata baada ya mgonjwa kufikishwa chumba cha kuzindukia, ndiyo maana huko nako anapaswa kuangaliwa pumzi yake.

Tazama leo dakika tano za kwanza. Mgonjwa amelala, mpira uko kooni, mashine inampumulia. Daktari anasema, "Gesi inaingia." Mtu wa usingizi hatazami skrini ya kamera ambayo wengine wote wameielekea, macho yake yako kwenye skrini ndogo kichwani pa kitanda. Shinikizo la kumsukumia hewa mgonjwa linapanda kutoka 16 hadi 24. Presha ya damu inapanda, kwa sababu mishipa inajikaza. Mara mapigo yanashuka: 78, 60, 42. Utando wa tumbo umevutwa ghafla, nao umeamsha mshipa wa vagasi unaoupunguza moyo kasi. "Dokta, simamisha gesi. Toa iliyomo." Vali inafunguliwa, tumbo linalegea, atropini iko tayari kwenye sindano. Mapigo yanarudi: 55, 70. "Endelea, taratibu." Safari hii gesi inaingia polepole, kama Palmer alivyotaka.

Kisha inaanza kazi ya uvumilivu. Namba ya hewa ukaa inayotoka katika pumzi inapanda kwa dakika kumi na tano hadi thelathini, halafu inatulia. Mtu wa usingizi anaongeza upumuaji kwa kiasi cha robo hivi ili kuishusha. Ikipanda bila kutulia, huenda gesi imepenya chini ya ngozi, na ukigusa kifua unasikia vipovu vikitekenya vidole. Ikianguka ghafla pamoja na presha, ni hatari kubwa zaidi: gesi imeingia mshipani na kuziba njia ya moyoni.

Yote haya yanategemea kifaa kimoja, kapnografu, kinachosoma hewa ukaa ya pumzi kwa mwanga wa infraredi, kwa njia ya upimaji ambayo Mjerumani Karl Luft aliichapisha mwaka 1943. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hakiwezi kushika nafasi yake. Mgonjwa anayepewa oksijeni nyingi anaweza kusoma 99 kidoleni huku hewa ukaa ikimjaa mwilini, na wakati kidole kitakapoanza kulalamika, moyo utakuwa umeshachelewa kusaidiwa. Hospitali zetu nyingi zimepata kile cha kidoleni. Hiki kingine bado ni haba, hasa nje ya miji mikubwa, ilhali minara ya kamera kwa ajili ya wapasuaji inazinduliwa kwa kukata utepe.

Kwa hiyo mama, dada, au wewe unayemsindikiza mkeo: ukiambiwa kizazi au uvimbe utatolewa kwa matundu madogo, usiulize tu matundu ni mangapi na utarudi lini nyumbani. Mweleze mtu wa usingizi kuhusu pumu, moyo, upungufu wa damu na uzito wako. Muulize kama utawekewa mpira wa kupumulia, na kama wana mashine inayopima hewa ukaa katika pumzi. Wakikuambia ipo na inafanya kazi, panda kitandani. Wakisitasita, na upasuaji wako si wa dharura, omba rufaa.